Kupanga Fleti Karibu na Chuo Kikuu katika Mji wa Pembezoni: Mwongozo Kamili wa Mpangaji Mwanafunzi

Mji wa pembezoni wenye chuo kikuu una soko la nyumba lisilofanana na la jiji kubwa. Jijini watu huhama wakati wowote wa mwaka, hivyo aliyekosa fleti wiki hii anaweza kuipata nyingine wiki ijayo. Katika mji wa chuo, wapangaji wengi huingia kwa pamoja katika wiki chache zinazotangulia kufunguliwa kwa masomo, na hutoka kwa pamoja mitihani inapokwisha. Kodi, urefu wa mkataba, wingi wa vyumba vilivyo wazi, msimamo wa mwenye nyumba katika mazungumzo na hata idadi ya matapeli, vyote hupanda na kushuka kwa kufuata kalenda hiyo. Nimepanga nyumba katika mazingira ya namna hii kwa miaka kadhaa, kwanza nikiwa mwanafunzi na baadaye nikiwasaidia wadogo zangu, na makosa yaliyotugharimu zaidi yote yalizaliwa na pupa ya wiki za mwisho. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na kalenda, kisha ndipo unakwenda kwenye fedha, umbali, ukaguzi na mkataba.

Hatua ya kwanza: pata kalenda ya chuo

Tafuta kalenda rasmi ya mwaka wa masomo na uandike tarehe nne: siku ya usajili, siku masomo yanapoanza, mwisho wa mitihani ya mwisho, na likizo ndefu. Mwaka wa masomo katika vyuo vingi huchukua miezi tisa au kumi, ilhali mikataba mingi ya nyumba huandikwa kwa miezi kumi na miwili. Pengo hilo la miezi miwili au mitatu ndilo linalowala wanafunzi fedha bila wao kujua, kwa sababu wanalipia chumba ambacho hawalali.

Fanya hesabu hii kabla ya kulinganisha fleti yoyote na nyingine. Chukua fleti inayokodishwa kwa 100 kwa mwezi kwa mkataba wa miezi 12. Jumla yake ni 1,200. Ikiwa utaishi humo miezi 9 pekee, kila mwezi uliolala ndani yake umekugharimu karibu 133. Fleti ya jirani inayodai 120 kwa mwezi kwa mkataba wa miezi 9 ina jumla ya 1,080. Ile iliyoonekana ya bei nafuu kwenye tangazo ndiyo iliyo ghali, na tofauti ya 120 inatosha kulipia mwezi mzima. Mkataba wa miezi 12 una faida pale tu unapobaki mjini wakati wa likizo, au mwenye nyumba anapokuruhusu kwa maandishi kumpangisha mtu mwingine katika miezi ambayo hupo.

Msimu wa kutafuta nao una vipindi vyake. Miezi mitatu hadi sita kabla ya masomo kuanza, wapangaji wanaohitimu huanza kutoa taarifa za kuondoka, na fleti nzuri nyingi hupita mkono kwa mkono kabla hazijatangazwa popote. Wiki mbili za mwisho kabla ya usajili ndizo mbaya kuliko zote: uchaguzi ni mdogo, kodi iko juu, na kila mtu anayekuonyesha nyumba anakuambia kwamba kuna wengine watatu wanaoisubiri. Hali hubadilika tena majuma machache baada ya masomo kuanza, kwa kuwa mwenye nyumba ambaye bado ana fleti tupu anajua kwamba huenda ikabaki hivyo hadi muhula ujao. Ikiwa umechelewa, ninashauri upate malazi ya muda ya wiki mbili au tatu, hata kama hayapendezi, badala ya kujifunga kwa mwaka mzima katika fleti uliyoiona kwa dakika kumi.

Hatua ya pili: hesabu gharama yote

Kodi ni sehemu moja tu ya gharama. Uliza, kwa kila fleti, ni nani anayelipa umeme, maji, gesi, intaneti, uzoaji wa taka, ulinzi, usafi wa ngazi na maegesho, na uombe kuona ankara za miezi miwili iliyopita badala ya kuridhika na jibu la mdomo. Fleti za zamani zenye madirisha yasiyofunga vizuri zinaweza kukupa kodi ndogo na ankara kubwa ya kupasha joto au kupoza hewa.

Weka kando pia fedha za siku ya kwanza, ambazo huwashtua watu wengi. Ukidaiwa kodi ya mwezi mmoja mapema, amana ya mwezi mmoja au miwili, na malipo ya dalali yanayolingana na kodi ya mwezi mmoja, utakuwa umetoa kodi ya miezi mitatu hadi minne kabla hujafungua sanduku. Juu yake kuna usafiri wa mizigo na, kama fleti haina samani, kitanda, godoro, meza ya kusomea, mapazia na vyombo. Fleti tupu inayopangwa kwa mwaka mmoja mara nyingi huishia kugharimu zaidi kuliko fleti yenye samani, kwa kuwa samani zilizonunuliwa kwa haraka mwanzoni mwa mwaka huuzwa kwa hasara mwishoni, siku ambayo kila mwanafunzi anauza zake.

Hatua ya tatu: pima umbali kwa miguu yako

Tangazo likisema fleti iko dakika kumi kutoka chuoni, uliza ni dakika kumi za nini, na hadi mlango upi. Mtu mzima hutembea takriban kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo kilomita moja ni dakika 12 na kilomita tatu ni zaidi ya nusu saa. Kwa baiskeli, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, kilomita hizo tatu huchukua dakika 12. Gari hulipita eneo hilo kwa dakika chache, na wenye matangazo hupenda kupima kwa gari. Aidha, eneo la chuo kikuu linaweza kuwa kubwa kiasi kwamba kutoka lango la karibu hadi jengo la kitivo chako ni mwendo mwingine wa robo saa. Pima kutoka mlango wa fleti hadi mlango wa darasa, na kutoka maktaba hadi kitandani.

Hiyo safari ya pili, ya kutoka maktaba usiku, ndiyo ninayoisisitiza zaidi katika miji ya pembezoni. Miji hii mara nyingi imejengwa kwa kuwafikiria watu wenye magari: njia za waenda kwa miguu hukatika ghafla, taa za barabarani ziko mbalimbali, na basi la mwisho huondoka kabla maktaba haijafungwa. Tembea njia hiyo mwenyewe saa tatu au saa nne za usiku, ukiwa na mwenzako, kabla ya kulipa chochote. Angalia kama kuna nyumba zenye watu njiani au uzio mrefu na viwanja vitupu, kama kuna sehemu ya kuvukia barabara kuu, na kama simu yako inapata mtandao. Angalia vilevile ratiba ya basi ya wikendi na ya likizo, ambayo hupunguzwa sana chuo kinapofungwa.

Kama utategemea usafiri wa kulipia, zidisha nauli kwa mara 44, yaani safari mbili kwa siku katika siku 22 za masomo za mwezi, kisha ujumlishe na kodi. Fleti iliyo mbali hubaki nafuu katika baadhi ya hesabu hizo, na hupoteza unafuu wake katika nyingine.

Hatua ya nne: tafuta, na jihadhari na matapeli

Vyanzo vinavyoaminika zaidi ni ofisi ya makazi ya chuo, chama cha wanafunzi, na wapangaji wanaoondoka. Wanafunzi wa mwaka wa juu wanajua ni mwenye nyumba yupi hutengeneza bomba siku hiyo hiyo na ni yupi hutafuta kila kisingizio cha kubaki na amana. Dalali anaweza kukuokolea muda, lakini kumbuka kwamba anapata malipo yake fleti ikipangwa, iwe inakufaa au haikufai. Mwulize mapema ni kiasi gani anadai, nani anamlipa, na kama kuna malipo ya kuonyeshwa tu.

Utapeli wa nyumba za wanafunzi unafanana karibu kila mahali. Tangazo lina picha nzuri kupita kiasi na kodi iliyo chini sana ya zile za jirani. Anayejiita mwenye nyumba yuko safarini, hawezi kuonyesha fleti, lakini yuko tayari kukutumia ufunguo mara tu utakapotuma amana. Aina nyingine ni hatari zaidi kwa sababu fleti ipo kweli: mtu aliyeipanga kwa siku chache huwaonyesha watu kumi, huchukua amana kutoka kwa wote, kisha hutoweka, na wiki za usajili ndizo msimu wake mkuu.

Kinga yake ni taratibu chache ambazo hupaswi kuziruka hata ukiwa na haraka. Usilipe fleti ambayo wewe au mtu unayemwamini hajaingia ndani yake. Tafuta picha za tangazo kwenye intaneti uone kama zimetumika kwa nyumba nyingine katika mji mwingine. Omba kuona uthibitisho wa umiliki au barua ya mmiliki inayompa wakala mamlaka ya kupangisha, pamoja na kitambulisho, na ulinganishe majina. Zungumza na jirani, umwulize fleti hiyo ni ya nani. Lipa kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba, udai risiti, na ukatae kabisa malipo ya fedha taslimu yasiyo na karatasi. Mtu akikwambia kwamba kuomba vitu hivi ni kumdharau, mwache aende zake.

Hatua ya tano: kagua fleti kama mtu atakayeishi humo

Nenda mara mbili, mara moja mchana na mara moja usiku, na ikiwezekana siku moja baada ya mvua. Niliwahi kupanga chumba nilichokiona katika kipindi cha jua kali, kikiwa kimepakwa rangi mpya inayong'aa. Mvua za kwanza ziliponyesha, ukuta wa nyuma ya kabati ulilowa hadi vitabu vyangu vikaota kuvu. Tangu siku hiyo ninaiona rangi mpya iliyopakwa kwenye kona moja tu ya chumba kuwa ni ishara ya kuuliza maswali. Nusa ndani ya makabati, gusa ukuta chini ya madirisha, tazama dari ya bafu na upande wa nyuma wa samani kubwa. Unyevu huharibu nguo, vitabu na vifaa, nao huwaumiza hasa wenye pumu.

Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa wakati mmoja, kisha vuta maji ya choo, uone kama mtiririko unakatika. Ndoo ya lita 10 ikijaa kwa dakika moja, maji yanatosha. Ikichukua dakika tatu, utaoga kwa shida, na huenda saa za asubuhi ambapo jengo zima linaoga hali ikawa mbaya zaidi. Kama kuna maji ya moto, subiri hadi yafike uone yanachukua muda gani. Jaribu kila soketi kwa chaja ya simu. Funga na ufungue kila dirisha na kila kitasa. Simama katika chumba cha kulala, kaa kimya dakika tano, na usikilize.

Mita zinastahili uangalifu wa pekee. Zima swichi kuu ya fleti yako na uitazame mita ya umeme: ikiendelea kuhesabu, kuna mtu mwingine anayetumia umeme ambao utaulipia wewe. Funga mabomba yote na utazame mita ya maji kwa njia hiyo hiyo. Ikisogea, ama kuna uvujaji ama kuna fleti nyingine iliyounganishwa. Kama fleti kadhaa zinatumia mita moja, uliza ankara inagawanywaje, kwa kichwa, kwa chumba au kwa ukubwa wa fleti, na uhakikishe kanuni hiyo inaandikwa kwenye mkataba.

Usalama wa moto na gesi husahauliwa mno na vijana. Hesabu njia za kutokea. Madirisha yenye nondo zisizofunguka kutoka ndani, na mlango mmoja ulio karibu na jiko, ni mtego iwapo moto utaanzia jikoni. Angalia kama kuna king'ora cha moshi, ukibonyeze kitufe chake cha majaribio. Pale ambapo maji au vyumba hupashwa joto kwa gesi, hakikisha kuna tundu la kupitishia hewa lisilozibwa na bomba la kutolea moshi nje, pamoja na king'ora cha kaboni monoksaidi, kwa kuwa gesi hiyo haina rangi wala harufu na humwua mtu akiwa usingizini. Katika jambo hili sina nafasi ya maelewano: fleti yenye hita ya gesi katika bafu lisilo na tundu la hewa haifai kupangwa kwa bei yoyote.

Kabla hujaondoka, mwombe mpangaji aliyepo akuzungumzie mwenye nyumba akiwa hayupo. Maswali matatu yanatosha: kitu kikiharibika, hutengenezwa baada ya siku ngapi, waliotoka kabla yako walirudishiwa amana, na kwa nini wewe unaondoka?

Hatua ya sita: soma mkataba hadi mwisho

Chukua nakala ya mkataba, uende nayo, uisome kwa utulivu, kisha urudi. Mwenye nyumba asiyekubali usome usiku mmoja hakupi sababu ya kumwamini. Vyuo vikuu vingi vina ofisi ya ushauri au msaada wa kisheria kwa wanafunzi, na kusomewa mkataba ni mojawapo ya huduma ambazo wanafunzi wachache mno huzitumia.

Hakikisha mkataba unataja majina kamili ya pande zote, anwani ya fleti hadi namba ya mlango, tarehe ya kuanza na ya kuisha, kiasi cha kodi na siku ya kulipa, na masharti ya kuipandisha. Kodi isibadilike katikati ya kipindi isipokuwa mkataba umeeleza wazi lini na kwa kiasi gani. Soma kifungu cha kujirudia chenyewe, yaani kile kinachosema kwamba usipotoa notisi kabla ya tarehe fulani mkataba unaanza upya kwa kipindi kingine. Kwa mwanafunzi anayehitimu, kifungu hicho kinaweza kumgharimu kodi ya miezi mingi katika mji aliokwisha kuuhama. Iweke tarehe hiyo ya notisi kwenye simu yako siku unayotia sahihi.

Kuhusu amana, mkataba useme ni kiasi gani, inatunzwa na nani, itakatwa kwa mambo gani, na itarudishwa ndani ya siku ngapi baada ya kukabidhi funguo. Katika nchi nyingi sheria huweka kikomo cha amana au huagiza itunzwe katika mfuko maalumu. Tafuta sheria ya mahali unapopanga, kwa sababu kifungu cha mkataba kinachopingana na sheria kwa kawaida hakina nguvu hata kama umekitia sahihi. Maneno ya kutafuta katika kifungu hicho ni «uchakavu wa kawaida». Rangi iliyofifia kwa jua na zulia lililolala kwa kukanyagwa ni uchakavu wa kawaida, na mpangaji hapaswi kuulipia. Tundu ukutani, alama ya pasi kwenye zulia na kioo kilichovunjika ni uharibifu.

Kisha kuna matengenezo. Mkataba mzuri hutenganisha mambo madogo anayoyashughulikia mpangaji, kama vile kubadilisha balbu, na mambo makubwa ya mwenye nyumba, kama vile paa, mabomba, nyaya za umeme na hita, na huweka muda wa kuyatengeneza. Utafute pia kifungu kinachomruhusu mwenye nyumba kuingia: aombe ruhusa au atoe taarifa mapema, na saa 24 ndicho kipimo kinachotumika sana, isipokuwa panapotokea dharura kama moto au maji kufurika.

Kifungu ninachokiona kuwa kizito kuliko vyote kwa wanafunzi wanaoishi pamoja ni kile cha wajibu wa pamoja na wa kila mmoja. Tuseme wanafunzi wanne wametia sahihi mkataba mmoja wa kodi ya 400, kila mmoja akikusudia kulipa 100. Mmoja akiacha masomo mwezi wa pili, mwenye nyumba hadai 300 kutoka kwa waliobaki; anadai 400, na anaweza kuidai yote kutoka kwa yeyote kati yao ambaye ni rahisi kumpata. Uharibifu uliofanywa na mmoja unaweza vilevile kukatwa kwenye amana ya wote. Ukipewa nafasi ya kuchagua, mkataba wa chumba chako pekee ni salama zaidi hata ukiwa na kodi ya juu kidogo. Usipopewa, chagua wenzako kwa uangalifu unaolingana na deni utakaloshirikiana nao, na ukubaliane na mwenye nyumba kwa maandishi kwamba anayeondoka anaweza kuleta mtu wa kuchukua nafasi yake.

Mzazi au ndugu anayetia sahihi kama mdhamini aelezwe jambo hili kabla ya kushika kalamu. Udhamini usio na mpaka unamfanya awajibike kwa kodi ya watoto wa watu wengine. Omba barua ya udhamini itaje kiwango cha juu kabisa, kinacholingana na fungu la mtu wake, na tarehe ya kuisha.

Kama kuna jambo mliloahidiana kwa mdomo, iwe ni kupaka rangi, kuleta kitanda au kubadilisha kitasa, liandikwe kwenye mkataba pamoja na tarehe. Ahadi isiyoandikwa haitakusaidia.

Hatua ya saba: patana na wenzako

Hili ni fupi lakini lifanyike kabla ya kuhamia. Andikeni ukurasa mmoja wa makubaliano: nani analala chumba kipi na kama mwenye chumba kikubwa atalipa zaidi, ankara zitaandikwa kwa jina la nani na wengine watamlipa tarehe ngapi, usafi, wageni wanaolala, na saa za utulivu wakati wa mitihani. Ankara zote zisiandikwe kwa jina la mtu mmoja. Mmoja akiandikishwa umeme, mwingine aandikishwe intaneti, ili asiwepo anayebeba madeni yote.

Hatua ya nane: siku ya kuingia

Mali bila daftari hupotea bila habari, na amana ya nyumba ni mali. Kabla hujaingiza hata mto, tembea chumba kwa chumba na upige picha za kila ukuta, sakafu, dari, dirisha, kifaa na samani, ukizikaribia kasoro zote: mikwaruzo, madoa, vigae vilivyopasuka, droo zisizofunga. Piga video moja ndefu isiyokatwa, ukianzia mlangoni na kutaja kwa sauti unachokiona. Piga picha za namba za mita zote.

Jaza orodha ya hali ya fleti pamoja na mwenye nyumba au wakala wake, mtie sahihi wote wawili, na kila mmoja abaki na nakala. Kama hakuna orodha, iandike mwenyewe na uitume siku hiyo hiyo pamoja na picha kwa barua pepe, ukiomba ajibu kwamba ameipokea. Picha zilizobaki kwenye simu yako tu zina nguvu ndogo. Zilizotumwa kwa upande wa pili siku ya kwanza zina tarehe ambayo hakuna anayeweza kuibishia.

Omba vitasa vibadilishwe au, angalau, ujue ni funguo ngapi zipo na zimo mikononi mwa nani. Katika nyumba zinazopangwa na wanafunzi, ufunguo mmoja huenda umechongwa nakala mara kadhaa, na waliowahi kuishi humo ni wengi. Fikiria pia bima ya mali ya mpangaji ikiwa inapatikana, kwa kuwa bima ya mwenye nyumba kwa kawaida hulinda jengo lake tu, wala haigusi kompyuta yako.

Hatua ya tisa: wakati unaishi humo

Ripoti kila hitilafu kwa maandishi, hata kama umekwisha kuisema kwa simu. Ujumbe mfupi wenye tarehe, picha na maelezo ya tatizo unatosha. Bomba linalovuja usiloliripoti linaweza kugeuka kuwa uharibifu wako, kwa hoja kwamba uliliacha likaozesha sakafu. Lipa kodi kwa njia inayoacha alama na utunze risiti zote. Mwenye nyumba akichelewa kutengeneza, usikimbilie kuzuia kodi kabla ya kupata ushauri. Katika sehemu nyingi hatua hiyo isipofuata utaratibu wa sheria humpa yeye sababu ya kukutoa.

Jiandae pia kuulizwa mapema kama utaendelea mwaka unaofuata. Katika miji ya vyuo, baadhi ya wenye nyumba hutaka jibu muhula wa kwanza ukiwa bado haujaisha. Omba muda, uliza kodi mpya itakuwa kiasi gani, na usitie sahihi mkataba wa mwaka wa pili pamoja na wenzako ambao hujaishi nao hata majira moja ya mitihani.

Hatua ya kumi: kuondoka na kudai amana

Toa notisi kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, na uombe jibu. Siku za mwisho za mitihani ni mbaya kwa kuhama, kwa hiyo anza kuondoa vitu usivyovihitaji wiki mbili kabla. Safisha fleti hadi ifanane na ulivyoikuta, ukizingatia sehemu ambazo makato hupenda kutokea: tanuri la jiko, jokofu, vigae vya bafu, nyuma ya choo na ndani ya makabati. Ziba matundu madogo ya misumari ikiwa mkataba unayataja.

Omba ukaguzi wa pamoja fleti ikiwa tupu, mkiwa na orodha ya siku ya kuingia mkononi. Rudia picha na video zile zile, kutoka pembe zile zile. Soma mita, funga akaunti zote zilizo kwa jina lako siku hiyo hiyo, na ubadilishe anwani yako ya barua. Kabidhi funguo kwa kuhesabiana na upewe karatasi yenye sahihi inayosema ni ngapi na tarehe gani, kwa sababu siku za kurudishiwa amana huanza kuhesabiwa hapo.

Muda ukipita bila amana kurudi, au ukikatwa kiasi usichokielewa, andika barua moja yenye adabu: taja tarehe ya kukabidhi funguo, kiasi cha amana, kifungu cha mkataba, na uombe mchanganuo wa kila kato pamoja na risiti za matengenezo. Ambatanisha picha za kuingia na za kutoka. Toa tarehe ya mwisho, kwa mfano siku 14. Isipojibiwa, ipeleke pamoja na nakala ya mkataba kwenye ofisi ya ushauri ya chuo, kisha kwenye baraza au mahakama inayoshughulikia migogoro ya wapangaji au madai madogo mahali hapo. Usifute picha wala ujumbe wowote hadi fedha ziwe zimeingia kwenye akaunti yako, hata kama wakati huo umekwisha kuhitimu na kuhamia mji mwingine.